Treni Siigusi

Kilosa, Jumamosi 14 Juni 2025

Treni ya mizigo imepita alasiri kwenye reli ya zamani. Gurudumu likivuka kiungo linagonga: ta-ta, kimya, ta-ta. Ilipopunguza mwendo kuingia stesheni, mapigo yakaanza kuachana. Ile ya umeme ya SGR hainipi hayo. Reli zake zimechomelewa, inavuma tu. Nimeurekodi uvumi huo pia, utafaa kwa besi.

Sinthesaiza yangu ya moduli imo ndani ya laptopu, VCV Rack, programu ya bure. Ya waya na vifundo vya kushika bei yake haisemeki. Brian Bamanya wa Kampala, yule Afrorack, aliziona bei hizo akajiundia yake kwa mikono, na mwaka 2022 akatoa albamu. Mimi na solda hatupatani.

Mikumi, Jumanne 17 Juni

Barabara ya Zambia inakatiza katikati ya hifadhi. Nimeegemeza simu kwenye bodi ya basi ili inase mtetemo wa matuta. Konda kanishangaa: "Anko, unarekodi nini huko chini? Tembo wako upande ule!" Sauti yake nayo imeingia. Siifuti.

Kilosa, Alhamisi 19 Juni

Leo kimeeleweka. Nimeipitisha treni kwenye moduli inayolinganisha viwango: kishindo kikivuka kiwango nilichoweka, inatoa pigo la umeme, na pigo hilo linaiamsha sampla icheze kipande kifupi cha tuta la Mikumi. Uvumi wa SGR uko chini, filta imeubana. Kwa hiyo mwendo wa muziki anaushika dereva wa treni. Akifunga breki, biti nzima inalegea.

Mdogo wangu hajapenda. "Bro, hii haichezeki. Ikate, irudierudie, ipandishe mpaka mia mbili na kitu, iwe singeli." Hoja anayo. Mtunzi Pierre Schaeffer mwenyewe alizikatakata treni za Paris mwaka 1948; na Halim El-Dabh alishamtangulia kule Cairo mwaka 1944, akichezea sauti za wanawake kwenye ngoma ya kupunga pepo. Lakini nikikata kipande kimoja nikakizungusha, kule kuchoka kwa treni kunapotea, na ndiko nilikokufuata kwenye tuta la reli.

Nimempa mafaili ya matuta na ya konda, ayakimbize anavyotaka. Treni siigusi.