Filamu za Majirani kwa Likizo Hii

Kila likizo inapokaribia, wanafunzi huniuliza swali moja: "Mwalimu, nitazame nini ili Kiswahili changu kisilale?" Wengi wao huwa wameshajijibu kabla ya kuniuliza. Wana tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili, wana vichekesho vya Dar es Salaam vya dakika tatu, wana nyimbo. Sina ugomvi na hayo, kwani sikio hujifunza popote linapotegwa. Lakini mwaka huu nataka kuwapendekezea kitu kingine: filamu za watengenezaji huru, zile ambazo safari yake huanzia kwenye matamasha ya filamu na baadaye zikapatikana, kwa kukodi au kwa kujisajili, katika huduma za kutazamia filamu kwenye intaneti.

Neno "huru" lahitaji maelezo. Filamu huru ni ile ambayo haikugharimiwa na kampuni kubwa ya filamu inayotaka faida ya haraka. Mwongozaji wake huhangaika miaka kadhaa akiomba ruzuku hapa na pale, kisha huipeleka kazi yake Zanzibar, Durban, Ouagadougou, Berlin au Toronto, akitumaini kwamba huko atampata wa kuinunua. Kwa kuwa haikutengenezwa ili impendeze kila mtu, watu waliomo huzungumza kama wazungumzavyo nyumbani kwao. Kwa mwanafunzi wa lugha, hiyo ni hazina. Kwa raia ni zaidi ya hazina, na nitalifikia hilo.

Niseme mapema kwamba orodha za huduma hizi hubadilika kila mara. Tafuteni kwa jina la filamu na jina la mwongozaji, wala si kwa jina la huduma. Tena chagueni ubora wa chini wa picha ili kifurushi chenu cha intaneti kisiishe kabla ya hadithi.

Anayependa fasihi aanze na Vuta N'Kuvute (2021), iliyoongozwa na Mtanzania Amil Shivji na kuonyeshwa katika Tamasha la Toronto. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Tumo Unguja, miaka ya 1950, chini ya utawala wa Waingereza. Yasmini, binti mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee asiyempenda, anamkimbia mume huyo na kukutana na Denge, kijana aliyejitosa katika harakati za ukombozi. Filamu haikuweza kubeba yote yaliyomo kitabuni, wala haikujaribu. Inaegemea zaidi usiku, vichochoro vya Mji Mkongwe na nyuso za watu. Wanaoipenda riwaya watanung'unika kidogo. Mimi nilinung'unika, kisha nikaitazama mara ya pili nikiwa nimefumba macho, na hapo ndipo nilipoifaidi. Hicho ni Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ninyi mmeijua lugha hii kupitia ngeli na majedwali; isikilizeni ikitongoza, ikitania na kupanga njama dhidi ya serikali.

Kutoka Kenya nawapa mbili. Supa Modo (2018), ya Likarion Wainaina, ilionyeshwa Berlin. Inamhusu msichana mdogo mgonjwa mahututi anayeamini kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachokubaliana kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Ni fupi, lugha yake ni nyepesi, na anayeanza kujifunza ataifuata bila taabu. Wekeni leso karibu.

Ya pili ni Softie (2020), ya Sam Soko, iliyopata tuzo ya uhariri katika Tamasha la Sundance. Hii ni filamu ya hali halisi, yaani haina waigizaji. Inamfuata Boniface Mwangi, mpigapicha aliyejulikana kwa picha zake za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, anapogombea ubunge wa Starehe, Nairobi, mwaka 2017. Anataka kufanya kampeni bila kugawa fedha. Wapiga kura wanamsikiliza, wanampongeza, kisha wanauliza amewaletea nini. Huku nyumbani mkewe, Njeri, anamuuliza swali gumu zaidi: nchi na familia, kipi kinatangulia? Kiswahili chake kimechanganyika na Kiingereza na Sheng, kwa hiyo msikitafutie usanifu. Tafuteni humo msamiati wa uchaguzi, na angalieni jinsi unavyobadilika mpakani: Mkenya husema "eneobunge" pale Mtanzania asemapo "jimbo". Na mkiona wapiga kura wakinyoosha mikono kudai chochote, msicheke sana. Hapa Uganda tunaijua mikono hiyo.

Sasa nifike kwenye filamu iliyonifanya niandike. Jina lake ni la Kifaransa, En route pour le milliard, ambalo laweza kufasiriwa "Safari ya kuelekea bilioni". Imeongozwa na Dieudo Hamadi, Mkongo mzaliwa wa Kisangani. Ilichaguliwa kwa ajili ya Tamasha la Cannes la mwaka 2020, lile ambalo halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya janga la korona, kisha ikaonyeshwa Toronto. Lugha zake ni Kilingala na Kiswahili, kwa maana Kisangani ni mji ambamo lugha hizo mbili zinakutana.

Mwezi Juni mwaka 2000, kwa siku sita, majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji huo kwa mizinga. Moja lilikuwa jeshi la Rwanda. La pili lilikuwa jeshi letu. Hapo awali yalikuwa yameingia Kongo yakiwa marafiki. Raia waliouawa walihesabiwa kwa mamia, na waliojeruhiwa walikuwa wengi zaidi. Wakongo huviita "Vita vya Siku Sita". Kwetu havina jina, kwa sababu kitu kisichotajwa hakihitaji jina. Nimepitia vitabu vya historia ambavyo wanafunzi wangu huvitumia na sikukutana navyo hata katika tanbihi. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na vitabu vya shule ni ngoma kama ngoma nyingine.

Filamu inawafuata manusura wa vita hivyo karibu miaka ishirini baadaye. Wengi walipoteza mguu au mkono. Wamejiunga katika chama, wamesubiri fidia, wamechoka kusubiri, na sasa wanaamua kwenda wenyewe Kinshasa kuidai. Njia ni Mto Kongo, zaidi ya kilomita 1,700. Wanapanda chombo kilichosheheni mizigo na abiria, na humo wanapika, wanagombana, wanaimba, wanafua, wanarekebisha miguu yao ya bandia. Mvua inapopiga usiku wanashikilia turubai kwa mikono waliyobaki nayo. Hamadi haulizi maswali wala haweki sauti ya kusimulia. Kamera yake inakaa nao tu, kama abiria mwingine. Wanafika Kinshasa nchi ikiwa katika joto la uchaguzi wa Desemba 2018, wanasimama mbele ya Bunge na mabango yao, na wakubwa hawana nafasi ya kuwaona.

Kwa sikio lililozoea usanifu, Kiswahili cha Kongo mwanzoni hugonga. Wenzetu husema "bantu" pale sisi tusemapo "watu", na "balikuja" badala ya "walikuja". Katika darasa langu wapo waliocheka dakika tano za kwanza. Nikawakumbusha kwamba kiambishi hicho ba- ndicho kilichomo katika Kiganda chao wenyewe, na kwamba mtu anayesema "balikuja" yuko karibu nao kuliko mimi niwafundishaye "walikuja". Baada ya hapo walisikiliza. Dakika kumi baadaye hakuna aliyekuwa akifikiria viambishi.

Ni lazima nieleze kwa nini jambo hili lina uzito wake kwa mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kufundishwa kama somo la lazima shuleni. Tunawaambia wanafunzi kwamba ni lugha ya ujirani na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hivyo ndivyo ilivyo. Lakini kwa wazee wetu wengi ni lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ambayo mtu mwenye bunduki aliitumia kukuamuru ushuke garini. Ilikuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni. Basi fikirini ni lugha gani raia wa Kisangani aliweza kuitumia kumwomba askari wa Uganda amhurumie. Filamu hii inaonyesha lugha hiyohiyo ikirudi kutoka upande wa pili, mdomoni mwa anayedai haki yake kwetu.

Maana kudai, wana haki ya kudai. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa nchini Kongo. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo ikapanga fidia: dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Ziligawanywa katika awamu tano za dola milioni 65 kwa mwaka, kuanzia Septemba 2022. Kongo ilikuwa imeomba mabilioni. Kesi yake dhidi ya Rwanda haikusikilizwa kwa sababu mahakama, mwaka 2006, ilijiona haina mamlaka juu yake. Haya yote hayamo katika filamu, ambayo ilikamilika kabla ya hukumu ya fidia. Niliyaandika ubaoni baada ya kuitazama. Nikawauliza wanafunzi: fedha hizi zinatoka wapi? Kimya kilikuwa kirefu. Kisha msichana mmoja akajibu kwa Kiswahili kizuri kuliko alichowahi kukiandika katika mtihani: "Zinatoka kwetu, mwalimu. Mama yangu anauza nyanya, na analipa kodi ya soko."

Tulibishana hadi kengele ikalia. Wapo waliosema si haki muuza nyanya alipie kosa la jenerali. Wapo waliosema mwanamke aliyekatwa mguu naye hakuwa jenerali. Mmoja alitaka kujua kama fedha zikifika Kinshasa huwafikia wale waliopanda mto, na swali hilo lilitupeleka mbali, hadi kwenye kazi ya bunge na ya mkaguzi wa hesabu. Sikuwahi kufundisha somo la uraia lililokwenda mbali kiasi hicho, na sikuwa nimeandaa zaidi ya filamu na chaki.

Nawashauri muitazame mkiwa wawili au zaidi, na muisimamishe pale mnapokosa neno. Ina urefu wa saa moja na nusu tu. Maandishi ya tafsiri yaacheni kwa ajili ya Kilingala. Kiswahili kinapoingia, jaribuni kuyafunika kwa karatasi.

Baada ya kipindi, mvulana aliyekuwa amenyamaza muda wote alibaki nyuma. Alisema baba yake alikuwa Kisangani mwaka ule, akiwa askari, na hajawahi kulizungumzia jambo hilo nyumbani. Aliniomba nimwandikie jina la filamu kwenye karatasi. Nilimwonya kwamba maandishi yake ya chini ni ya Kifaransa au Kiingereza, na kwamba huenda mzee asiyafuate. "Si neno, mwalimu," akasema. "Kiswahili anakijua. Alijifunza jeshini."