Safari ya Lamu na Hati ya Babu

Mwezi wa Mfungo Sita wa mwaka jana, Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda Lamu kuhudhuria Maulidi. Tulishuka Mokowe, tukavuka kwa mashua, na punde tukauona ule mji wa mawe ambao mwaka 2001 ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Afikaye huko haachi kuuzuru msikiti wa Riyadha, alioasisi Habib Swaleh, ambamo mbali na sala na darsa mna hazina ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono.

Lakini sisi tulikuwa na haja nyingine pia. Mkobani tulichukua ijaza ya marehemu babu yetu, karatasi nne ambazo kwazo shekhe wake alimruhusu kusomesha. Miaka ishirini nyuma, kwa kuzionea huruma, tulizitia katika majalada ya nailoni laini, tukazifungia sandukuni, tukadhani tumefanya jambo jema. Tulipozitazama tena, tatu zilikuwa salama, bali ya mwisho ilikuwa imegandamana na nailoni, na wino umehamia huko. Na hapo ndipo lilipokuwa jina la shekhe.

Basi tulimwendea mzee mmoja ambaye kazi yake ni kujalidi vitabu. Akainusa ile hati, akaibonyeza kwa kidole, akasema, "Maalim, msiivute. Mkiivuta, hata kilichosalia kitakwenda."

Kisha akatufahamisha kuwa plastiki si moja. Ile laini iitwayo pivisi huchanganywa na vitu mfano wa mafuta ili ipate kukunjika. Miaka ikipita, mafuta hayo hutoka na kunatisha wino, na plastiki yenyewe ikichakaa hutoa tindikali iilayo karatasi. Iliyo imara ni poliesta, ambayo asili yake ilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson. Hiyo ni kavu na angavu, na haihitaji mafuta. Polithini na polipropilini zilizo safi nazo hufaa.

Tukamwuliza, "Je, mzee wetu, hizi zilizosalia tuzipeleke dukani zikapigwe laminesheni?"

Akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba huko Marekani, tangu miaka ya 1930, mtu aitwaye Barrow alizibandika hati nyingi plastiki ya asiteti kwa moto, na baadaye maktaba zikataabika kuibandua. Katika miaka ya 1970, Maktaba ya Bunge la Marekani ikaeneza njia nyingine: hati huwekwa baina ya vipande viwili vya poliesta, vikaunganishwa kingoni tu, pasiwe na gundi wala moto uigusao. Atakaye kuitoa hukata ukingo, nayo hutoka kama ilivyoingia.

Hata njia hiyo ina masharti yake. Karatasi yenye unyevu isifungiwe, kwani ukungu utaota ndani. Na kwa kuwa hewa ya pwani yetu ni ya majimaji, yafaa kuacha pande mbili wazi. Karatasi yenye tindikali ikizibwa pande zote bila ya kutibiwa kwanza, huharibika upesi zaidi. Na wino umegukao usitiwe humo kabisa, maana poliesta ikisuguliwa hupata umeme uvutao chembe. Hati ya namna hiyo huwekwa katika bahasha ya karatasi isiyo na tindikali.

Mzee aliukagua wino wa zile tatu, akauona umeshika, akazitia katika poliesta. Ile ya nne aliiweka pamoja na nailoni yake katika bahasha, imngojee fundi aliye mjuzi zaidi. Tuliporudi nyumbani, wanafunzi wetu walizinakili zote kwa mkono, na penye jina la shekhe wakaacha nafasi tupu. Jina hilo hatulijui hata leo, na waliolijua wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Ndugu wazazi, nanyi vijana, nia yetu ilikuwa njema, lakini elimu hatukuitafuta. Fungueni masanduku yenu mapema, mtazame wazee walichokuachieni kimevikwa nini. Na mkiwa na hati, isomeni na muinakili ingali yasomeka.

Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.