Jiko la Ndoto Kwenye Nyumba ya Matumbawe

Mzee fundi alichomoa bisibisi mfukoni, akanyoosha mkono, akaichomeka kwenye boriti iliyokuwa juu ya kichwa changu. Ikazama. Yaani ilizama kama kisu kwenye mkate wa kumimina.

"Mwanangu," akaniuliza bila kugeuka, "huko juu ndiko unakotaka kuweka jiko?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nini tena?"

Nikamwambia: kaunta ya katikati, ya graniti, urefu mita mbili na nusu hivi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye adabu ambaye hataki kumvunja moyo mkwe wa watu.

Msomaji, kama wewe na mwenzako mna nyumba ya urithi mahali fulani, na mnakaa usiku mkiangalia picha za majiko kwenye simu, basi hii ni stori yenu. Mimi nilikuwa na picha sitini na kitu. Makabati hadi darini, oveni ya kujengea ukutani, kifyonza moshi kinachong'aa, taa ndogo ndogo chini ya kabati. Nyumba yenyewe ni ya marehemu bibi yake mume wangu, Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na juu kabisa kajiko kadogo kando ya paa la wazi. Mume wangu alikuwa amepata kazi Unguja, mama mkwe anazeeka peke yake na ngazi zile, nasi tulikuwa tumechoka kulipa kodi Tabata. Tukasema: tunahamia, lakini jiko kwanza. Tulivunje ukuta, tulisogeze lile paa la wazi, tupate jiko la maana.

Ijumaa moja mchana tukapanda boti. Dar hadi bandari ya Malindi ni kama saa mbili, na ukitoka getini Kiponda unafika kwa miguu kabla jasho halijakukauka. Nimepita vichochoro vile tangu uchumba, lakini safari hii nilipita na futi ya fundi mkononi. Watalii walikuwa wanapiga picha milango ya nakshi. Mimi nilikuwa naipima. Mlango wetu ni wa kizamani, mbao mbili na mfaa katikati. Ukifungua ubao mmoja unapata sentimeta 64. Friji niliyokuwa nimeipenda, ile ya milango miwili inayofunguka kama kabati la nguo, ina upana wa sentimeta 91. Hapo bado ngazi, inayokata kona mara mbili. Nikalifuta lile friji kwenye daftari palepale barazani, huku jirani ananiuliza kama tunauza nyumba.

Na hilo daftari sasa. Tulikuwa na shilingi milioni 38. Tulizigawa hivi: makabati ya mninga milioni 11, graniti 5, oveni na jiko la gesi na kifyonza moshi 6.5, friji 3, taili 2.5, sinki na mabomba 2, ufundi na rangi 5. Zilizobaki, milioni 3, tukaziandikia "dharura" na kuzichora mstari chini, tukijiona watu wazima kweli.

Nyumba ikaja na daftari lake.

Nyumba za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa tofali na zege. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nene hadi unaweza kukaa dirishani ukanywa kahawa. Sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya kule ni virefu na vyembamba. Siyo mtindo, ni urefu wa mti. Ukuta wa namna hii unavuta unyevu na kuutoa, kama unavyopumua. Chokaa inauruhusu. Saruji hairuhusu.

Miaka ya nyuma ndugu mmoja wa ukoo, kwa nia njema kabisa, aliona plasta inamomonyoka akapiga saruji upande mzima wa kule juu. Ikawa safi, nyeupe, kila mtu akafurahi. Maji ya mvua yaliyokuwa yakiingia kutoka paani yakakosa pa kutokea, yakakaa ndani ya ukuta, na vichwa vya boriti vilivyochomekwa humo vikaanza kuoza taratibu. Kwa nje huoni kitu. Mpaka aje mzee na bisibisi.

Kisha akanifanyia hesabu ya graniti. Kipande changu, unene wa sentimeta tatu, kingekuwa na uzito wa kilo 170 na ushee. Ongeza makabati, vyombo, na watu wanaopenda kusimama jikoni sikukuu. "Boriti zitalia," akasema. Sikuhitaji mfano, ila mama mkwe alinipa. Beit al-Ajaib, jumba lile la mwaka 1883 pale Forodhani, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mchana, likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafariki. Mama alisema tangu siku ile kila akisikia mchanga unadondoka darini anatoka nje kwanza, ndipo anauliza.

Kwa hiyo kabla ya jiko: kutoa saruji, kubadili boriti kumi na nne, kupiga plasta ya chokaa upya, milioni 9.2. Kurekebisha paa na mifereji ya maji, 4.1. Waya za umeme, ambazo fundi umeme aliziangalia kisha akaniangalia mimi, 2.6. Michoro na vibali 1.2, maana Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na huongezi kitu juu ya paa kwa kujisikia tu. Pale kwenye Mamlaka tuliambiwa wazi kwamba zege halipandi kule juu, tutumie mbao na chokaa. Na laki tisa za mahamali. Hiyo ya mahamali usiisahau hata kidogo. Lori haliingii Kiponda. Kila mfuko wa chokaa, kila boriti, kila ndoo ya kifusi inakwenda kwa mkokoteni kisha kwa mgongo wa mtu.

Jumla milioni 18. Karibu nusu ya pesa zote, na hapo hujanunua hata kijiko.

Hapo ndipo lilipokuja lile ambalo sikupanga kulisema kwenye gazeti, lakini bila hilo hesabu haikamiliki.

Zile milioni 38, nane zilikuwa mkopo. Nilikopa SACCOS ya kazini, nikamwambia mume wangu ni bonasi. Kwa nini? Kwa sababu yeye alikuwa na 16, mimi nilikuwa na 14, na nilishaona jiko la milioni 38. Sikutaka la 30. Nilijiambia makato ya miezi 24 ni yangu, mshahara ni wangu, yeye yanamhusu nini.

Jioni ile, juu ya paa, baada ya fundi kuondoka, mume wangu alikuwa mchangamfu ajabu. Akasema, "Hapana mashaka. Tuna akiba ya dharura, na ile bonasi yako ndiyo itakayotuokoa. Mwakani utapata nyingine." Nikaona nikinyamaza sasa, tutajenga juu ya uongo na boriti mbovu kwa pamoja. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Adhana ya Magharibi ikaanza, akashuka msikitini, na aliporudi akala, akamsaidia mama kutoa vyombo, akalala. Jumapili tulirudi Dar tukiwa tumekaa viti vya jirani kwa saa mbili nzima na neno lililosemwa ni moja: "Maji?" Mimi nilijibu hapana. Nilikuwa na kiu kweli.

Jumatano akaniomba hati yangu ya mshahara. Akaweka yake kando. Miaka minne ya ndoa, hatujawahi kufanya hivyo. Tulikuwa watu wa "wewe lipa umeme, mimi nalipa kodi". Niligundua naye anamtumia mdogo wake ada kila muhula, kitu ambacho hakuwahi kukitaja kwa kuogopa nitakachosema. Tulibishana hadi saa sita usiku, na siyo kwa upole. Lakini kwa mara ya kwanza tulibishana kuhusu tarakimu ambazo sote tulikuwa tunaziona.

Mkopo ulishakuwa mkopo, kuurudisha mapema tusingeweza bila kuacha paa linavuja. Tukakubaliana ubaki, ukae kwenye ukurasa, na makato tuyagawane. Zikabaki milioni 20 za jiko. Hapo kazi ikawa tamu, nisikufiche.

Graniti ikaondoka. Nilikwenda Keko kwa mafundi seremala, nikaagiza kaunta ya mninga, mbao nene zilizounganishwa na kupakwa mafuta, milioni 1.4, na uzito wake hamali wawili wanaubeba wakipiga soga. Nikaagiza makabati ya chini tu, 5.5. Ya juu yalinisumbua kichwa kwa wiki mbili, hadi fundi aliponipigia simu: "Njoo uone." Walipobandua ile saruji, ukutani yalitokea matundu manne ya upinde, yamezibwa kwa mawe na kupakwa juu. Vidaka! Bibi wa watu aliweka humo sahani zake za kauri enzi hizo. Mama mkwe alivikumbuka mara moja, hata akaonyesha kipi kilikuwa cha bilauri. Tukavisafisha, tukavipiga chokaa, tukaweka taa ndogo ndani ya kila kimoja. Hakuna duka linalouza kitu kama kile, nami nilikuwa tayari kulipa mamilioni kukifunika kwa kabati.

Oveni ya umeme ya ukutani niliililia kidogo. Mama mkwe ndiye aliyeiua. Alinikumbusha mwaka 2008, mwezi Mei, umeme wa Unguja wote ulipokatika takribani mwezi mzima kwa sababu ya hitilafu ya njia inayouleta kutoka Bara, halafu tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Waya mpya wa baharini uliwekwa mwaka 2013 na mambo yakawa afadhali sana, lakini mtu aliyepika gizani miezi mitatu humwambii kitu. Tukanunua jiko la gesi lenye oveni yake chini, milioni 2.8, na kwenye kona ya paa tukaacha nafasi ya jiko la mkaa. Friji la mlango mmoja 1.6, sinki na mabomba 1.5, taili nyuma ya jiko tu 1.2, ufundi na rangi 3. Hiyo ni milioni 17. Dharura milioni 3, ileile ya mwanzo, ila safari hii kweli ilikuwa dharura, na laki sita zilikwishaliwa na bomba la maji lililopasuka wiki ya pili.

Ukiniuliza mimi, nyumba mpya unaweza kujidanganya na akiba ya asilimia kumi. Nyumba ya kizamani tenga theluthi, na usiagize hata kitasa kabla fundi hajachoma boriti. Na yule fundi awe wa chokaa, siyo yeyote anayejua kukoroga saruji.

Kuna jambo jingine ambalo tungelisahau kama siyo shangazi yake mume wangu. Aliuliza, tena mbele ya sinia la pilau: "Jiko hili likishaisha, litakuwa la nani?" Nyumba ni ya mama mkwe na dada zake wawili. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, ila alikuwa na haki. Tukaandika karatasi kwa sheha, tumetia kiasi gani, na kwamba siku nyumba ikigawiwa au ikiuzwa kiasi hicho kihesabiwe kwanza. Wote wakatia saini. Shangazi akaomba aongezewe mchuzi.

Tulihamia miezi saba baada ya siku ya bisibisi, badala ya mitatu tuliyopanga. Makato ya SACCOS bado miezi kumi na moja. Yamebandikwa kwenye mlango wa friji, na kila mwisho wa mwezi mmoja wetu anakata mstari.

Siku ya kwanza ya kupika nilimpisha mama mkwe azindue. Kila kitu kilikuwa kinang'aa, mninga unanukia mafuta, taa kwenye vidaka zinawaka. Akaingia, akapitisha kiganja juu ya kaunta kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema mashaallah. Kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na mbuzi yake ya zamani, akaikunjua, akaketi sakafuni pembeni ya kaunta ya milioni moja na laki nne, akaanza kukuna nazi.