Kuba ya Florence na masoni wake

Mimi ni mutoto wa masoni. Baba alijenga nyumba mingi mu kambi za wafanyakazi, na hakuna hata moja yenye jina lake. Kwa hiyo nikisoma habari ya jengo kubwa la zamani, naulizaka kwanza: nani alipanga tofali juu ya tofali? Leo napenda kuwaeleza juu ya kuba, ndiyo kusema paa kubwa ya mviringo, ya kanisa kuu la Florence, kule Italia.

Kanisa lile, Santa Maria del Fiore, lilianza kujengwa mwaka 1296. Miaka zaidi ya mia moja ikapita. Kuta zikasimama, lakini juu ya altare palibaki tundu lenye upana wa zaidi ya mita 40, na toka chini mpaka pale ni zaidi ya mita 50. Kawaida masoni wanasimamisha kwanza mbao za kushikilia matofali mpaka chokaa ishike. Kwa tundu kubwa namna ile, miti ya kutosha ingetoka wapi?

Mwaka 1418 wakubwa wa kazi wakatangaza mashindano. Filippo Brunelleschi akaja. Huyu hakuwa masoni, alijifunza kazi ya kufua zahabu. Mwaka 1401 alishindania kazi ya milango ya bronzi, ile shaba yenye kuchanganywa na bati, lakini Lorenzo Ghiberti ndiye aliyepewa. Sasa akasema: tutajenga bila mbao za kushikilia. Wengi hawakusadiki.

Kazi ilianza mu Agosti 1420. Brunelleschi alijenga kuba mbili, moja ndani ya ingine, na katikati yao nafasi ya ngazi. Alizifunga kwa pete za mawe, kama vile pipa linafungwa kwa vyuma. Tena, kati ya matofali ya kulala alisimamisha mengine wima, mfano wa mifupa ya samaki, ili yashike yale mapya yasiteleze. Kila mzunguko ukimalizika, unajishikilia wenyewe. Mu 1436 kuba ikafungwa.

Siye wa mugodi tunajua mashini ya kupandisha ni jambo gani. Yake ilizungushwa na ng'ombe dume. Aliweka meno na skrubu ya kubadilisha njia, hata mzigo ukapanda ao ukashuka bila kuwageuza ng'ombe.

Na masoni je? Inasimuliwa kwamba aliweka majiko kule juu, wale bila kushuka, na divai yao ilichanganywa na maji, wasianguke. Hapo nilimupenda. Lakini inasimuliwa pia kwamba walipogoma kwa ajili ya mushahara, aliwafukuza, akaleta wengine toka Lombardia. Wa kwanza waliporudi kumuomba, akawapokea kwa mushahara mudogo kuliko ule wa zamani. Niliposoma hayo nilifunga kitabu kwanza. Nilijua baba angekuwa upande gani.

Brunelleschi alikufa mwaka 1446, akazikwa ndani ya kanisa lile. Mnara mudogo wa juu ya kuba ulimalizika 1461 na mikono ya wengine. Leo watalii wanapanda ngazi 463 kati ya kuba zile mbili. Wote wanajua jina moja tu.

Vijana, simukatazi kumusifu. Bila akili yake, masoni wangeendelea kutazama tundu lile, kama baba zao. Lakini bila masoni, akili yake ingebaki mfano mudogo wa kuonyesha watu. Kesho wamoja wenu watakuwa wakubwa wa kazi. Mupeleke chakula kule juu, ni vizuri sana. Na mushahara musiupunguze.