Mlinzi Naye Hutaka Kulindwa

Ndugu msomaji, nataka nikuhadithie jambo lililonipata mimi mwenyewe, wala sitalificha kwa kuona haya. Kwani kosa likisemwa huenda likamwokoa mtu, na likifichwa halimfai yeyote.

Mwezi wa Julai, mwaka 2024, nilitoka Tanga kwenda Nangwa, katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, kumzuru mpwa wangu. Yeye ana duka huko, na nyuma ya duka ndiko anakoishi na mkewe na watoto wao watatu. Dukani mwake mna magodoro, viberiti, mitungi ya gesi na mafuta ya taa, na simu za majirani huchajiwa humo usiku kucha. Kwa ajili hiyo nilimchukulia zawadi niliyoiona bora kuliko kanzu: king'ora cha moshi. Ndugu yetu aliyeko Maskati alituletea viwili. Kimoja nikakitia nyumbani kwangu, na cha pili nikamwekea yeye.

Chombo hiki ni kidogo, mfano wa kisahani cha chai. Ndani yake mna mwanga unaopita gizani. Moshi ukiingia huutawanya ule mwanga, ukapiga kwenye jicho la chombo, na hapo hapo hulia kwa sauti kali. Faida yake khasa ni usiku, kwani mtu akilala pua yake nayo hulala. Harufu ya moshi si ya kutegemewa kumwamsha, na huenda akafa kwa moshi kabla ya moto wenyewe kumfikia. Lakini sikio halilali kama pua.

Tulikifunga darini, kwenye ukumbi baina ya duka na vyumba vya kulala. Nami nikakaa kitini kama mwalimu, nikamfunza mpwa wangu adabu zake: kisiwekwe karibu na jiko, kwani kila kikaango kitakiliza, kila mwezi kibonyezwe kitufe kijaribiwe, kifutwe vumbi wala kisipakwe rangi, betri ibadilishwe kila mwaka, na kikitimia miaka 10 kinunuliwe kingine. Kikianza kulia kidogo kidogo kama kifaranga, basi betri yake inakufa.

Nikamkumbusha pia wasichana 26 wa Bombolulu, huko Mazeras, waliokufa bwenini mwezi wa Machi mwaka 1998, na watoto 10 wa shule ya Kiislamu ya Byamungu, wilaya ya Kyerwa, mwezi wa Septemba mwaka 2020. Wote hao moto uliwakuta usiku. Na khatari hii si ngeni kwetu. Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya nyumba moja ya Madina iliyoungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa, aliwafahamisha Waislamu kuwa moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime kabla ya kulala.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza, "Na chenu cha Tanga, mjomba, mwakijaribu kila mwezi?"

Nikamjibu, "Alhamdulillahi, kipo."

Naam, kilikuwepo, lakini hakikuwa na roho. Ramadhani iliyopita kilikuwa kikilia kila jioni mke wangu akikaanga sambusa, kwani nilikifunga karibu na jiko kwa uvivu wa kupanda ngazi mahali pengine. Siku moja nikaitoa betri yake nikaitia katika maikrofoni ya madrasa. Nikajiona nimefanya la kheri! Tangu siku hiyo wanangu walikuwa wakilala chini ya mlinzi aliyekufa, nao wanadhani yu hai. Haya yote niliyajua, nikayameza.

Usiku ule baridi ya Nangwa ilinikaba. Sisi watu wa pwani tumezoea kulala madirisha wazi, lakini kule chini ya Mlima Hanang madirisha hufungwa kabisa. Mke wa mpwa wangu alinionea huruma, akanitilia jiko la mkaa chumbani, makaa mekundu yasiyo na moshi hata chembe. Mtoto wao wa miaka sita akaomba kulala na babu yake. Mimi nikatazama kile king'ora ukumbini, nikasema moyoni, "Leo tuna mlinzi," nikafunga mlango.

Kabla ya alfajiri niliamka nataka kutawadha. Kichwa kilikuwa kikinigonga kama kinu, na miguu ilikataa kusimama. Nikamwita mtoto, hakuitika. Nikamtikisa, hakuamka. Hapo nikatambaa mpaka mlangoni nikaufungua, nikapiga kelele. Baba yake akaja mbio akamtoa nje kwenye baridi. Mtoto akatapika, kisha baada ya muda uliokuwa mrefu kwetu kuliko usiku mzima, akafumbua macho na kumwita mama yake. Tukampeleka kwa tabibu, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akapona.

King'ora hakikulia hata mara moja. Nikataka kukilaumu, mpaka nilipoitoa ile karatasi iliyokuja ndani ya boksi lake, niliyokuwa sikuisoma. Imeandikwa wazi kuwa chombo hiki hutambua moshi, wala hakitambui gesi ya kaboni monoksaidi. Na makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi hiyo. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu ikashika mahali pa hewa njema, na mtu akalala usingizi usio na kuamka. Ina chombo chake mbali cha kuitambua. Lakini dawa ya kwanza ni kutolala na jiko la mkaa chumbani, hata baridi iwe kali vipi. Mtume alituamrisha kuzima moto. Mimi niliyewakumbusha wenzangu amri hiyo ndiye niliyelala nao.

Asubuhi nilimwambia mpwa wangu ukweli wa betri yangu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi mjomba, ukifika tupigie simu, tukisikie kikilia."

Nilipofika Tanga nilipita dukani kwanza nikanunua betri, nikapanda ngazi kabla ya kuvua koti. Nikakihamisha kutoka karibu na jiko, nikakifunga ukumbini mbele ya vyumba vya watoto, nikampigia simu mpwa wangu nikabonyeza kitufe. Kikalia, naye kule Nangwa akabonyeza chake, nikakisikia. Tangu hapo kila mwezi mpya ukiandama tunapigiana.

Ewe mwenye nyumba, na ewe mwenye duka, waliolala chini ya dari yako ni amana. Usidhani kutundika chombo ni kutekeleza amana. Anayekilinda chombo ndiye mlinzi. Ukisikia kinalia, toa watu nje kwanza, kisha waite Zimamoto. Huku Tanzania nambari yao ni 114. Na leo usiku, kabla hujalala, inua mkono ubonyeze kile kitufe. Kikinyamaza, ujue umeambiwa jambo.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, na atujaalie tuwe wenye kuzilinda. Amin.