Kabla Hujalipia Kile Kiwanja

Dar es Salaam

Dada yangu,

Uliniagiza nikakitazame kile kiwanja cha Mbagala kabla hujatoa pesa, nami nimekwenda. Lakini njiani nilipitia Tandale, wakazi walikoandaa maonyesho kuhusu mafuriko na mabadiliko ya tabianchi, na yale niliyoyasikia pale ndiyo yaliyonifundisha namna ya kukikagua.

Maonyesho yalifanyika chini ya turubai, viti vya plastiki vya kukodi, ramani zimetundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nilizitazama ramani hizo mpaka shingo ikauma! Tandale ilichorwa mwaka 2011, wakazi na wanafunzi wa chuo wakipita uchochoro kwa uchochoro. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaipeleka kazi hiyo kwenye kata nyingine za jiji. Unaona mifereji, vyoo, vioski vya maji, na Mto Ng'ombe unavyopita katikati ya makazi ya watu kwenda kukutana na Mto Msimbazi.

Mama mmoja muuza vitumbua ndiye aliyekuwa akituongoza. Kila mkazi aliyefika alimwuliza, "Kwako maji yaliishia wapi?" Wakajibu kwa miili yao: magotini, kiunoni, mwingine akagusa kifua. Yeye anaandika palepale kwenye ramani kwa kalamu ya rangi. Dada, hakuna mtaalamu anayeweza kuyajua hayo bila kuwauliza wao.

Habari ya mafuriko ya Desemba 2011 bado ni mbichi midomoni mwao. Zaidi ya watu 40 walifariki jijini, na familia nyingi za mabondeni zikapewa viwanja Mabwepande, mbali na mji. Mzee mmoja akasema kule ni kukavu, sawa, lakini kibarua kilibaki mjini na nauli ikameza mshahara, ndiyo maana wapo waliorudi. Nilimwelewa kabisa. Kumlaumu mtu kwa kukaa bondeni bila kuuliza anakula wapi ni kumwonea.

Mvua nayo si ya kulaumiwa peke yake. Mchanga unachimbwa mtoni mpaka kingo zinaporomoka, nyumba zimekaa kwenye mapito ya maji, mifereji imejaa taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, ila chupa bado zipo. Vijana wa usafi walikuwa wamerundika viroba vya chupa hizo pembeni ili kila mtu aone kinachoziba mfereji wao.

Sasa kiwanja. Kipo kwenye mteremko wa kwenda Mto Mzinga. Dalali alinipeleka saa saba mchana, jua kali, ardhi kavu, akasifia upepo. Nikamwacha aongee na simu yake, nikaenda kubisha kwa mpangaji wa jirani. Mlangoni pake kuna kizingiti cha tofali tatu, kitanda kimeinuliwa juu ya matofali. Nikamwuliza swali la yule mama wa Tandale. Akaweka mkono juu kidogo ya goti.

Usilipe hata shilingi ya kishika nafasi. Dalali nimemwambia nitarudi Aprili, masika yakiwa yamekolea, tukaone maji yanapita wapi. Akianza kukuharakisha kwa simu, kwamba kuna mteja mwingine, mwache auze. Nitaulizia kiwanja kule juu, mbali na mto, hata kama ni kidogo kuliko hicho.

Wasalimie watoto na shemeji.

Mdogo wako