Chupa Chini ya Kitanda



Nilikuwa na umri wa miaka 22 ukoo uliponiagiza kumsindikiza baba mdogo kutoka Bukavu hadi Kampala, akapasuliwe pafu. Saratani ilikuwa imeshika sehemu ya chini ya pafu la kulia. Pafu hilo lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili. Daktari alisema ataondoa sehemu ile moja pamoja na tezi za limfu zilizo jirani, na kwamba zile zitakazobaki zitatanuka na kujaza nafasi.

Jioni ya kuamkia upasuaji alituketisha akatueleza habari ya maji. Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua una utando wake. Kati yake kuna maji machache mno, vijiko vichache tu vya chai, ili pafu liteleze vizuri mtu anapovuta pumzi. Baada ya kukatwa, maji hutoka kwa wingi kuliko mwili unavyoweza kuyanyonya, hasa tezi zikiondolewa, kwa kuwa kupitia njia za limfu ndimo maji hayo hurudi. Akamwuliza baba mdogo umri wake, miaka aliyovuta sigara, habari za moyo na figo. Akatazama kipimo cha albumini, ile protini inayoyazuia maji yasitoroke katika mishipa ya damu. Mwisho akasema: «Mzee, hatari ya maji kujaa kwako si kubwa, lakini ipo.»

Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu.

Baada ya upasuaji, mrija ulitoka ubavuni hadi kwenye chupa iliyowekwa chini ya kitanda. Ncha yake ilizama katika maji, ili hewa itoke kifuani isipate njia ya kurudi. Kila asubuhi muuguzi alipiga mstari kwenye chupa na kuandika kiasi. Alinifundisha kutazama rangi: kwanza nyekundu, kisha ya waridi, kisha ya manjano kama majani makavu. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, alisema, niite upesi. Hayo ni mafuta ya chakula, nayo huonyesha kwamba mfereji wa limfu umejeruhiwa. Haikugeuka. Siku ya nne mapovu yalikoma, ya tano mrija ukaondolewa.

Tuliambiwa tukae karibu juma moja zaidi, tupigwe picha nyingine ya kifua. Fedha za malazi zilikuwa zinakwisha. Nilimwambia baba mdogo kwamba hatari si kubwa, daktari mwenyewe amesema. Tukapanda basi.

Usiku wa tatu nyumbani nilimkuta amelala ameketi, ameegemea mito. «Ni uchovu wa safari, mwanangu,» akasema, naye alipumzika kati ya neno na neno. Nilitaka kuamini. Nilikwenda kulala, na hilo ndilo ninaloona haya kuliko basi lenyewe. Alfajiri nilihesabu pumzi zake: 32 kwa dakika.

Daktari wa hapa mjini aligonga mgongo wake kwa vidole. Upande wa kushoto ulivuma kama ngoma. Upande wa kulia, chini, ukalia kama bidoni iliyojaa. Kwa sindano alitoa lita moja na robo, polepole, akisimama kila baba mdogo alipokohoa, kwa maana pafu lililobanwa halipendi kufunguliwa kwa ghafula.

Kwa muda mrefu nililalamika moyoni kwamba yule wa Kampala alikosea. Hakukosea. Tuseme katika watu 100 walio kama baba mdogo, 10 hujaa maji. Yeye akiwa mmoja wa hao 10, hesabu bado ni kweli. Hesabu ya namna hiyo haimwambii mgonjwa mmoja yatakayompata. Inawaambia walio karibu naye wakeshe kiasi gani. Lile juma la ziada lilikuwa sehemu ya jibu la daktari, nami nililikata kama mtu akatavyo nauli.

Baba mdogo hajanilaumu hata siku moja. Yeye ni mwalimu. Alinipa daftari tu, lenye mistari ya tarehe na ya pumzi, akaniagiza nilijaze kila jioni kabla ya chakula. Jana zilikuwa 18.